KWENDA SENEMA: ILIKUWA NINI KWA WAZEE WETU, NA JE, LEO BADO INA FAIDA?





Siku chache kabla ya Idd el-Fitr iliyopita, mzazi mmoja wa hapa Nyamirambo alitujia madrasa baada ya Swala ya Alasiri. Swali lake lilikuwa fupi. Watoto wake watatu wameomba Idd hii wapelekwe senema mjini, kwenye ukumbi wa kisasa ndani ya jengo la ghorofa. Je, awapeleke? Na je, si ingekuwa vizuri madrasa yenyewe ikaandaa safari hiyo kwa watoto wote, ili wawe chini ya macho ya walimu?

Tulikuwa walimu wanne barazani. Mmoja alisema jambo hili ni haramu na halina mjadala. Wa pili alisema ni burudani kama burudani nyingine, hukumu yake inategemea kinachoonyeshwa. Wa tatu alisema uharamu tuuache kwanza, tuanze na upotevu wa fedha. Wa nne alinyamaza, kisha akasema: "Kabla hatujamjibu, tumuulize Bi Mkubwa."

Bi Mkubwa ni mama wa mtaani kwetu, amekaribia miaka 80. Amezaliwa Unguja, akaolewa na mfanyabiashara mwenye asili ya Ujiji, na maisha yakamfikisha Kigali. Tulikwenda kwake baada ya Tarawehe, tukanywa chai, tukamsikiliza. Tuliyoyasikia usiku ule yalitupeleka tukaitafute historia yenyewe, na leo tunapenda kuwashirikisha.

SENEMA ILIVYOFIKA KWETU

Picha zinazotembea zilionyeshwa kwa umma unaolipa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, na ndugu wawili Wafaransa waitwao Lumière. Haukupita mwaka, zikawa zimefika Alexandria na Cairo. Kwa hiyo anayedhani kwamba senema ni jambo lililotufikia Waislamu jana au juzi, anakosea. Watu wa Misri waliziona mapema kabisa.

Kwa pwani yetu ya Afrika Mashariki, mji uliotangulia kuzipenda ni Unguja. Mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Hassanali Adamjee Jariwalla alianza kwa kuonyesha picha ndani ya hema, halafu mwaka 1921 likafunguliwa jumba la Royal, lililochorwa na J. H. Sinclair, yule yule aliyechora jengo la makumbusho la Beit el Amani. Royal liliungua moto mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mahali pake pakajengwa Majestic, lililofunguliwa mwaka 1955. Darajani palikuwa na Empire. Malindi palikuwa na Sultana, ambayo baada ya Mapinduzi ya 1964 ilibadilishwa jina ikaitwa Cine Afrique. Pemba nako, Wete na Chake Chake, kulikuwa na senema. Fikirieni: visiwa ambavyo karibu watu wake wote ni Waislamu, na mji ambao adhana inasikika kila kichochoro, ulikuwa na majumba matatu ya senema yanayojaa!

Bara mambo yalikuwa tofauti kidogo. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walifanya majaribio Vugiri, katika milima ya Usambara, wakatengeneza filamu fupi 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba, wakazizungusha vijijini kwa lori. Wakati huo huo kamati za ukaguzi za Kenya na Tanganyika zilikuwa na uwezo wa kuruhusu filamu ionwe na Mzungu na Mhindi, na kumkataza Mwafrika. Sababu ni kwamba walihofia Mwafrika akiona Mzungu anaiba, analewa na kupigwa kofi, heshima ya mtawala itashuka. Tulicheka kidogo tuliposoma hayo, kisha tukajiuliza: je, mtawala yule hakujua jambo moja la kweli, kwamba picha inafundisha hata pale isipokusudia kufundisha?

Filamu zilizopendwa zaidi hazikuwa za Wazungu. Zilikuwa za Kihindi na za Misri. Watu walikwenda kumsikiliza Umm Kulthum, ambaye filamu yake ya kwanza, Widad, ilitoka mwaka 1936. Walikwenda kumtazama Raj Kapoor katika Awara ya mwaka 1951, na Nargis katika Mother India ya mwaka 1957. Tuni za filamu hizo ziliingia katika taarabu, na tusifichane, nyingine zilipenya hata katika kasida tunazowafundisha watoto wetu bila kujua zimetoka wapi.

SIKU YA WANAWAKE

Bi Mkubwa alituambia kwamba mama yake hakuwa mtu wa kutoka ovyo. Lakini kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, ya mchana, yakiitwa zanana. Siku hiyo barabara ya kwenda ukumbini ilijaa mabuibui. Mama mmoja anampitia jirani yake, jirani anampitia shemeji yake, watoto wadogo wamebebwa, na kila mmoja ana kitu cha kutafuna alichofunga kwenye leso. Ndani hakukuwa na mwanamume wa kuwatazama. Wanawake walilia kwa sauti picha ikihuzunisha, wakamlaani adui, wakaitikia nyimbo za lugha wasiyoijua. Picha ikimalizika, habari yake ilizungumzwa wiki nzima: mkwe yule alifanya haki? Mama yule alikosea kumficha mwanawe? Filamu ya Kihindi, alisema, ilikuwa sawa na kumsikia jirani akitoa kisa cha nyumbani kwake.

Tukamuuliza: "Na baba yako je, Bi Mkubwa? Alikubali?"

Akatuambia baba yake alikuwa akisalisha msikiti mdogo wa mtaani pale imamu anaposafiri, na hakuwahi kuingia senema hata siku moja maishani mwake. Lakini hakuwazuia. Alichofanya ni hiki: alitaka kujua jina la picha siku moja kabla. Halafu alikwenda kwa fundi cherehani jirani yake, ambaye hakuwa akikosa picha, akamuuliza ina nini ndani. Fundi akisema ni picha njema, mama na binti walipewa nauli na pesa ya tiketi. Fundi akikohoa tu, safari haipo. "Mara mbili fundi alikohoa," Bi Mkubwa alisema, "na mimi mpaka leo sijamsamehe."

Siku za Idd ndizo zilizokuwa kubwa. Watoto walipita nyumba kwa nyumba wakiomba sikukuu yao, wakavaa nguo mpya, wakaenda viwanja vya Mnazi Mmoja, na wenye pesa zilizobaki wakakimbilia kununua tiketi. Wakati mwingine mkanda mmoja ulionyeshwa katika kumbi mbili siku moja. Sehemu ya kwanza ikimalizika huku, kijana huipakia kwenye baiskeli, akakimbiza kule, watu wakimsubiri kwa kelele.

WANAVYUONI HAWAKULALA

Isidhaniwe kwamba wazee wote waliridhika. Hizo ndizo zama ambazo Mombasa palikuwa na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932. Yeye aliwausia Waislamu wa pwani wachukue elimu yenye manufaa popote inapotoka, lakini wasiige mila za watu bila kuzipima kwanza. Walikuwepo masheikh waliokataza senema moja kwa moja, na hoja zao zilikuwa na uzito: kuchanganyika wanaume na wanawake gizani, mavazi yasiyositiri, mapenzi ya kuonyeshana hadharani, na vijana kukosa Swala ya Magharibi kwa sababu picha haijaisha. Hoja hizi hatuzipuuzi. Nyingi bado zinasimama vile vile.

Historia inatuonyesha pia kwamba katazo peke yake halikuzijaza saa za vijana kwa kitu kingine. Nyumba iliyofanikiwa ni ile iliyouliza jina la picha. Huyo baba wa Bi Mkubwa hakuwa na sera wala kamati. Alikuwa na jirani anayemwamini na miguu ya kumfikisha kwake.

KUMBI ZILIKUFAJE?

Watu husema video ndiyo iliyoua senema. Ni kweli, lakini si kweli yote. Unguja kumbi zilitaifishwa baada ya 1964. Tanzania Bara, Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968 na baadaye ikashika uingizaji na usambazaji wa filamu. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo, na kumbi nyingi zikatoka mikononi mwa wenyewe. Uganda, mwaka 1972, Idi Amin aliwafukuza Waasia, na wengi katika waliomiliki na kuendesha senema walikuwa hao hao. Miaka ya 1980 fedha za kigeni zikaadimika, vipuri vya mashine havikupatikana, mikanda ikachakaa, viti vikavunjika. Halafu ndipo zikaja kanda za video kumalizia. Televisheni nayo ilikwisha ingia: Kenya mwaka 1962, Uganda 1963, Zanzibar 1973, na Tanzania Bara ikasubiri mpaka 1994.

Tazameni majengo yenyewe yalivyoishia. Norman ya Kampala ikawa kanisa. Ile senema ya kutazama ukiwa ndani ya gari, iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1966, ilibomolewa, na kiwanja chake kikajengwa ubalozi wa Marekani uliofunguliwa mwaka 2003. Majestic ya Unguja ilichakaa mpaka paa likawa tatizo, na wako wapenzi wa urithi walioanzisha juhudi za kuifufua. Mwanadamu hujenga akidhani ni pa kudumu, na baada ya miaka 50 wajukuu wanapita hapo wakiuliza hapa palikuwa na nini.

SISI NA VIBANDA VYA VIDEO

Hapa hatuna budi kukiri ya kwetu. Sisi tuliokulia upande wa Bukoba, kabla ya wazazi wetu kurudi Rwanda baada ya 1994, hatukuwahi kuona senema za kwenye majumba. Tulikuta vibanda vya video. Chumba cha mabati, mabenchi, televisheni moja juu ya meza, jenereta nje, na kiingilio cha sarafu ambacho mtoto anaweza kukipata kwa kuuza karanga. Tulitazama kung-fu, Rambo na Kihindi, tukijua kwamba stelingi hafi. Baadaye wakatokea watafsiri waliosimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti yenyewe, kama Lufufu wa Tanzania. Uganda kuna kina VJ wanaosimulia kwa Kiganda, na hapa kwetu Rwanda jambo hilo hilo linaitwa agasobanuye, na vijana wanalipenda mno.

Tulikuwa tukitoroka chuo. Siku moja ustadhi wetu, Allah amrehemu, aliingia kibandani na bakora, akasimama mbele ya televisheni, akatutaja mmoja mmoja kwa majina ya baba zetu. Bakora zile tumezisahau. Lakini tulipokuwa watu wazima tulitambua jambo moja. Katika kibanda kile, saa tatu usiku, baada ya picha za ngumi, mwenye kibanda alikuwa akibadilisha kanda na kuweka picha zisizofaa kuonwa na mtu yeyote. Watoto wa miaka 11 walibaki wamekaa. Hakuna baba aliyejua jina la picha, na hapakuwa na fundi cherehani wa kukohoa.

Hapo ndipo tuone tofauti. Ukumbi mkubwa ulikuwa na mkaguzi, mwenye mali anayejulikana, jirani kwenye kiti cha pili. Kibanda kilikuwa na mwenye kibanda peke yake. Na leo simu haina hata huyo.

FILAMU ILIYOINGIA MADRASA

Ipo filamu moja ambayo hata madrasa nyingi ziliikubali. Ni ile ya Moustapha Akkad, Msyria aliyeishi Marekani, iliyotoka mwaka 1976 na ambayo Waislamu wengi huiita Risala. Aliitengeneza mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, kwa waigizaji tofauti: Hamza wa Kiingereza aliigizwa na Anthony Quinn, wa Kiarabu na Abdullah Gaith. Mtume Muhammad (Swalla Allahu alayhi wasallam) haonekani wala sauti yake haisikiki. Hata hivyo filamu ilipata misukosuko. Utengenezaji ulianzia Morocco, ukasimamishwa, ukahamia Libya. Mwezi Machi 1977, watu wenye silaha waliteka majengo matatu mjini Washington, na miongoni mwa madai yao ilikuwa filamu hiyo iondolewe. Akkad mwenyewe aliuawa mwaka 2005 katika milipuko ya mahoteli ya Amman.

Sisi tuliitazama kwa kanda ya video, tumekaa mkekani, ustadhi yule yule wa bakora akisimamisha kanda kila mara kutueleza. Hatukuwahi kuisikiliza sira kwa utulivu kama siku ile. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba picha ni shari tupu.

Na wale wanaotolea mfano Saudi Arabia wajue mambo yalivyo. Kumbi za senema zilifungwa huko tangu miaka ya 1980, lakini mwezi Aprili 2018 ukumbi ulifunguliwa tena Riyadh. Tunalitaja hili kama tukio la historia, si kama fatwa. Hukumu haichukuliwi kutokana na kitendo cha nchi, iwe imefunga au imefungua.

JE, LEO BADO KUNA FAIDA?

Turudi kwa mzazi wetu. Tulikaa tukapiga hesabu pamoja naye: tiketi za watu watano, nauli ya kwenda na kurudi, bisi na soda ambazo watoto hawataacha kuziomba. Mwalimu wa tatu alituonyesha kwamba fedha ile ingetosha mchele na nyama ya Idd kwa nyumba nzima ya mayatima. Hoja hiyo hatukuweza kuijibu, na mpaka sasa hatuna jibu lake ila kusema: atakayekwenda, aanze kwa kutoa.

Lakini wakati tunahesabu, tulimwita kijana wake mkubwa, wa miaka 14, tumsikie. Tulimuuliza kwa nini anataka senema wakati nyumbani kuna televisheni. Akatujibu kwa adabu: "Ustadhi, mimi sina haja na senema. Filamu zote ninazo kwenye simu. Ni wadogo zangu ndio wanataka." Baba yake akageuka kumtazama. Alituambia baadaye kwamba simu ile aliinunua yeye mwenyewe kwa ajili ya masomo, wakati shule zilipofungwa mwaka 2020, na hakuwahi kuuliza kuna nini ndani.

Ndugu zetu, hapa ndipo lilipo tatizo. Tulikuwa walimu wanne tunabishana kuhusu giza la ukumbi ambao mtoto ataingia mara moja kwa mwaka akiwa na baba yake, na giza la chini ya blanketi, ambamo anaingia kila usiku peke yake, hatukuwa tumelizungumza hata mara moja tangu mwaka uanze. Lawama hii tunajitupia sisi walimu kwanza, kabla ya wazazi.

Tuliyomshauri ni haya. Madrasa haitaandaa safari, kwa sababu miongoni mwetu yuko anayeona ni haramu na hatukutaka kumlazimisha mtu katika jambo la dini yake. Yeye kama baba, akiona inafaa, awapeleke mwenyewe. Isiwe siku ya kwanza ya Idd, kwa kuwa siku hiyo ni ya Swala na kuwatembelea jamaa. Achague saa isiyogongana na Swala. Ajue jina la filamu na amtafute mtu aliyeiona, kama alivyofanya baba wa Bi Mkubwa. Kisha wakitoka, asiwaharakishe kurudi. Waulizwe: nani alidhulumu, nani alisubiri, wewe ungefanyaje?

Alikwenda nao siku ya tatu ya Idd. Alipotupa habari alisema filamu yenyewe ilikuwa ya kawaida tu na mdogo alilala katikati. Lakini kutoka mjini mpaka nyumbani walizungumza njia nzima, na kijana mkubwa ndiye aliyezungumza kuliko wote. Usiku ule aliomba wakae pamoja waipitie simu. Hakutueleza waliyoyakuta, nasi hatukuuliza.

Jibu letu basi ni hili. Kama senema ni picha tu, haina faida tena, kwa sababu picha zimejaa kila mfukoni. Kama ni kutoka pamoja, kutazama kitu kimoja kwa wakati mmoja na kukizungumza baadaye, faida hiyo bado ipo, tena leo inahitajika kuliko zamani. Na faida hiyo haiko ukumbini peke yake. Tamasha la filamu la Rwanda, maarufu kama Hillywood, lililoanza mwaka 2005, lilipeleka kiwambo kikubwa vilimani, watu wakikaa pamoja uwanjani na kutazama filamu, nyingine kwa Kinyarwanda. Sisi tumeanza kuazima projekta na kutundika shuka jeupe ukutani mwa madrasa Jumamosi moja kila mwezi, baada ya Alasiri, wazazi wakiwepo. Filamu inachaguliwa wiki moja kabla na kutazamwa kwanza na walimu wawili. Mwalimu yule wa kwanza haji, na tunamheshimu. Lakini ndiye anayeadhini Magharibi, na adhana yake ndiyo inayotukumbusha kuzima mashine.

Bi Mkubwa tulimwalika Jumamosi ya kwanza. Alikaa mbele, akatafuna karanga, na kabla hatujaanza aliwaimbia watoto wimbo mzima wa Kihindi wa utotoni mwake. Mtoto mmoja akamuuliza maana yake. Akasema: "Sijui, mwanangu. Muulize fundi cherehani."

Ewe mzazi, katika nyumba yako nani ndiye fundi cherehani? Leo usiku, kabla ya kulala, muulize mwanao jina la picha anayoitazama.

Tunamuomba Allah atuhifadhie vizazi vyetu na atuonyeshe yaliyo na kheri kwao. Aamin.

Wabillahi Tawfiq.